Kumbukumbu ya mradi: modeli ya meli ya anga Enterprise-B yenye ubavu wa kubadilisha

Hali ya sasa: sahani (sehemu ya duara ya mbele ya meli) imefungwa, taa zote zinawaka, ubavu uliopasuka unasubiri rangi.

Enterprise-B ndiyo meli ambamo sinema ya Star Trek Generations (1994) inamwondoa Kirk, nahodha wa zamani, ili Picard, nahodha wa kizazi kipya, na wenzake washike kijiti. Waigizaji Nimoy na Kelley walikataa kushiriki, kwa hiyo wakongwe wa mfululizo wa kwanza waliopanda ni watatu: Shatner, Doohan na Koenig. Kwa sinema hiyo haikuundwa modeli mpya. Ilichukuliwa modeli ya meli nyingine, Excelsior, ya mwaka 1984 ikaongezewa vipande, vikiwemo vile vinavyotuna ubavuni mwa kiwiliwili cha chini. Katika sinema, utepe wa nishati unaopita angani unairarua meli hapo, kwenye nyongeza, hivyo ngozi ya Excelsior haikulazimika kukatwa. Mradi huu unafuata ujanja huohuo: ubavu mmoja una vipande viwili, kizima na kilichoraruka, vinavyoshikwa kwa sumaku.

Kipimo ni 1/1000, yaani meli ya mita 467 inakuwa na sentimita 46.7. Ugumu wote wa tundu umejificha humo. Plastiki ya unene wa milimita 1 ni sawa na ukuta wa mita nzima; ukiikata tu, jeraha linaonekana kama jibini iliyomegwa. Ikwangue kutoka ndani hadi kama milimita 0.5 kwenye kingo, kisha ipinde kidogo kwa koleo. Nyuma yake panga vipande vya plastiki ya milimita 0.25 kila baada ya milimita 3 hadi 3.5, hizo ndizo sakafu.

Umeme ni volti 12. LED nyeupe zimefungwa tatutatu kwa mfululizo: volti 3.1 kila moja mara 3 ni 9.3, zinabaki volti 2.7, na kwa miliampea 15 rezista (kizuizi cha mkondo) ni ya omu 180. Nyekundu za injini za msukumo, zikiwemo mbili za nyongeza juu ya sahani, ni nne kwa mfululizo na rezista ya omu 270. Ubavu wa kubadilisha hauna waya hata mmoja. LED ya rangi ya chungwa imekaa ndani ya kiwiliwili na kumulika kupitia tundu. Ukiweka kipande kizima, inazibwa.

Sumaku ni za milimita 3 kwa 2, nne kila upande. Maliza kulehemu kabla ya kuzigandisha, maana zikipita takriban nyuzi 80 zinaanza kupoteza nguvu. Weka alama ya ncha ya sumaku (kaskazini au kusini) kwa kalamu kabla ya gundi. Moja ikigeuzwa, kipande kinasukumwa nje na hakuna dawa ila kuichimbua.

Mwanga ulivuja kwenye mshono wa sahani. Ndani palikuwa na tabaka moja la rangi nyeusi, na halikutosha: sasa yapo mawili, juu yake nyeupe ili mwanga usambae. Madirisha ya milimita 0.5 yametobolewa kwa drili ya mkono, kwani ya umeme huyeyusha plastiki. Usitumie supagluu karibu na sehemu angavu; mvuke wake huacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Kimulimuli cha boriti ya kuvutia (mwali wa kukamata na kuvuta meli nyingine) hakitawekwa. Kwenye hadithi yenyewe boriti ilikuwa haijafungwa, ilisubiri Jumanne.

Kinachofuata ni puti (kijazio cha nyufa) kwenye mshono wa shingo, msasa namba 400 kisha 800, halafu kijivu cha samawati.