Walisema wanasikia, kumbe wanakumbuka

Matangazo ya abiria kwenye ndege yetu ya propela yalikuwa hayaeleweki, na kila niliyemwomba ushauri kuhusu spika zake alinijibu hivyo hivyo: ongeza sauti. Nikaongeza. Amplifaya ikaanza kukwaruza na wahudumu wakalalamika kuliko mwanzo.

Lakini aibu yangu kubwa ni kipimo chenyewe. Niliwaketisha wenzangu 10 kwenye viti vya abiria, injini zote mbili zinanguruma, nikasoma tangazo la mikanda, kisha nikauliza, "Mmesikia?" Wote dole gumba juu. Nikaandika SAFI kwa herufi kubwa. Kesho yake, kwa utundu tu, nikasoma tangazo lile lile ila nikasema "fungeni mikeka". Dole gumba tena, wote 10! Mmoja hata alishika mkanda wake kunionyesha kwamba ameelewa.

Ndipo nikahamia kipimo cha maneno yanayofanana: seti 50, kila seti maneno 6, msomaji anataja moja, msikilizaji analizungushia. Orodha ya Kiingereza ipo miaka mingi, ila wenzangu wangeangushwa na Kiingereza halafu spika zisingiziwe. Nikatunga yangu. Suka, shuka, fuka, vuka, zuka, ruka. Paka, taka, kaka, saka, daka, waka. Zilinitoa jasho, nyumbani walidhani nimeanza ushairi. Msomaji akae nyuma ya pazia, maana kuna watu wanasoma midomo bila wao wenyewe kujua.

Safari hii tulipimia angani. Safu iliyo usawa wa propela ilipata 31, ikakosa 19. Tena kuna za kubahatisha: makosa gawanya kwa 5, maana kila seti ina maneno 5 yasiyo sahihi, kisha toa kwenye sahihi. Ikabaki 27.2, yaani asilimia 54. Hao ndio wa dole gumba.

Karatasi zikanionyesha ugonjwa ulipo. Irabu zilifika salama. Waliopotea ni akina f, s na sh. Propela inanguruma kwa besi, na besi nzito hufunika sauti nyembamba zilizo juu yake. Kumbe nilipoongeza sauti nilikuwa naongeza na besi ya spika! Nikaikata chini ya hezi 300 hivi (yaani mitetemo 300 kwa sekunde), nikainua kidogo kati ya 2,000 na 4,000, sauti yenyewe nikairudisha chini. Na maiki isogezwe mdomoni jamani, mhudumu wetu alikuwa anaishika kifuani kama ua. Safu ile ile: 45 sahihi, 5 makosa. Ukitoa za kubahatisha, asilimia 88, kwa gharama ya karatasi, kalamu na soda za kuwabembeleza warudie.

Kikabaki choo. Kanuni za Marekani za ndege kubwa za abiria zinataka tangazo lieleweke hata humo, kwa hiyo mwenzetu mmoja alijifungia na kalamu yake maneno yote 50. Alitoka na 41. Aliandika "vuka" mahali pa "fuka", na mpaka leo anashikilia kwamba aliyekosea ni msomaji.