Kikao cha hisa: hela iingie kwenye bakuli kwanza

Kwenye kikoba, yaani kikundi cha watu wanaoweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana, sanduku la hisa lina kufuli tatu, na wale watatu wanaoshika funguo hawatakiwi kuwa kwenye uongozi. Mtunza sanduku analala nalo nyumbani kwake lakini hana ufunguo hata mmoja. Wenye funguo wasitoke nyumba moja, wala wasiwe mtu na shemeji yake. Mmoja akisafiri, ufunguo wake haupitishiwi kwa mtunza sanduku eti kwa kuwa yeye hakosi kikao. Unakabidhiwa mwanachama mwingine, na wenzake wote wanajua ni nani.

Watu 15 hadi 25 wanatosha. Vikoba vingine hufika 30, ila hapo kikao kinazidi muda wa saa mbili, na mtu mwenye genge lake sokoni hakai saa mbili kila wiki. Anaacha hela kwa jirani na kuondoka kabla ya kuhesabu, na kuhesabu ndiyo kazi yenyewe ya kikao. Mtindo huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE. Huku Tanzania vikundi vyote vya namna hii wengi tunaviita kikoba, iwe ni VICOBA kamili vyenye vikundi vidogo vya watano watano au hisa za kawaida za mtaani.

Kila mwanachama ana namba na anakaa kwa namba yake. Wageni huona kama shule, lakini katibu akiita "saba" na kiti cha saba kiko wazi, kikao kizima kimeona nani hayupo, na faini ya kuchelewa haina mjadala. Sanduku likishafunguliwa, jambo la kwanza ni kuuliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Wanachama ndio wajibu, si katibu kusoma daftari. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, na jibu likilingana ndipo mnaendelea. Lisipolingana, msimame hapo hapo. Kosa la wiki moja hupatikana kwa dakika kumi. La wiki sita halipatikani.

Mfuko wa jamii unaanza. Kila mtu anatoa sawa, tuseme shilingi 500, na hela hiyo inakaa kwenye mfuko wake wa kitambaa. Ni ya msiba, mgonjwa, aliyejifungua. Haina riba, na haikopeshwi mtu wa kuongeza mtaji. Ukiichanganya na hisa, siku ya msiba mtakuta yote iko mikononi mwa wakopaji.

Halafu hisa, na hapa tuangalie kwa karibu. Bei ya hisa mliipanga mwanzo wa mzunguko, yaani kipindi cha kuweka hisa hadi siku ya mgao, na haibadiliki hadi mwisho, tuseme shilingi 2,000. Mtu ananunua hisa moja hadi tano kwa kikao. Namba saba anakuja mezani na shilingi 6,000. Anaziweka kwenye bakuli, wahesabu wanasema "elfu sita, hisa tatu", na hapo ndipo katibu anagonga mihuri mitatu kwenye kitabu cha namba saba. Kwenye mstari wa wiki hiyo kuna vyumba vitano. Viwili vilivyobaki vinapigwa mstari wa kalamu ya wino saa ile ile, maana chumba kilichoachwa wazi leo kinaweza kuota mhuri mwezi wa nane. Kwa sababu hiyo hiyo vitabu havibebwi nyumbani. Vinafungiwa ndani ya sanduku, pamoja na mhuri wenyewe na kidau cha wino.

Balaa kubwa ni mhuri kutangulia hela. "Nigongee, nitaleta jioni." Jioni haifiki, au inafika kwenye simu ya katibu, ikachanganyika na hela yake ya luku na vocha. Wanaotumia simu watumie akaunti ya kikundi, kama M-Koba, si namba ya mtu.

Kikomo cha hisa tano si cha kubania wenye uwezo. Mwisho wa mzunguko hisa zote zina thamani moja, iliyonunuliwa wiki ya pili na iliyonunuliwa wiki ya mwisho. Bila kikomo, mjanja angekaa pembeni miezi kumi, akaja na laki tano Novemba, akavuna faida iliyotokana na jasho la wenzake.

Mikopo huanza baada ya wiki nne hivi, fedha zikishajaa kidogo. Kiwango cha kawaida ni mara tatu ya akiba ya mtu, marejesho ndani ya miezi mitatu. Mwombaji anasema kiasi na shughuli mbele ya wote. Mkishindwa kutosheleza maombi, punguzeni maombi makubwa kwanza. Vikundi vingi hufanya kinyume, na wanyonge ndio wanaokimbilia kausha damu, mikopo ya riba ya kuumiza. Riba mliyoandika kwenye katiba ndiyo hiyo hiyo kwa mwenyekiti. Kikao kizuri kinaisha sanduku likiwa karibu tupu, kwa kuwa hela iko kwenye biashara za watu.

Kabla ya kufunga, wahesabu wanatangaza salio la hisa na salio la mfuko wa jamii, kikao kinarudia kwa sauti, kufuli zinafungwa moja moja.

Wiki za hatari ni zile za kuelekea kuvunja kikoba, yaani kugawana fedha mwisho wa mzunguko. Mikopo mipya imesimama, marejesho yanaingia, sanduku linanona, na mtaa mzima unajua. Pelekeni benki kwa sahihi za watu watatu, au pangeni marejesho ya mwisho na mgao viwe siku moja.

Siku ya mgao wenyewe hesabu ni rahisi, ila kuna kosa moja tunaliona kila Desemba. Chukua kikundi chenye hisa 2,000 kwenye vitabu vyote, zilizonunuliwa kwa shilingi 4,000,000. Mezani kuna taslimu 4,554,000, na mwanachama mmoja bado anadaiwa 46,000. Wengi wanagawa taslimu iliyopo: kila hisa 2,277. Kisha wanamkata mdaiwa 46,000 zake, na baada ya kila mtu kulipwa wanashangaa 46,000 imebaki kwenye bakuli haina mwenyewe. Ugomvi unaanzia hapo. Deni ni mali ya kikundi, lijumlisheni kwanza: 4,600,000 kwa hisa 2,000, kila hisa 2,300. Mwenye hisa 120 aliweka 240,000, anaondoka na 276,000. Mdaiwa anapigiwa 2,300 kama wengine, anakatwa deni lake, na bakuli linabaki jeupe.

Thamani ya hisa ikija na senti, shusheni hadi shilingi kamili. Vichenji vinavyobaki viingie mfuko wa jamii, ambao hauingii kwenye hesabu ya hisa. Mkiamua kuugawa, ugawanywe sawa kwa sawa kwa sababu mliuchangia sawa. Sisi tunapendelea ubaki, ili akifiwa mtu Januari pawe na cha kushika.

Jambo la usajili limalizeni mapema. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi viko daraja la nne la watoa huduma hizo na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama wenye sahihi, na muulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kwenda mjini, nauli isiwaishie kwa karatasi moja mliyoisahau.