Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa biolojia na swali la mti

Saa 1:00 asubuhi. Chumba cha walimu bado kimetulia. Mbele yangu kuna vipande vya karatasi ambavyo wanafunzi waliniachia jana wakati wa kutoka. Kila mmoja alijibu swali moja tu: mmea hupata wapi chakula chake? Navipanga mafungu matatu: walioelewa, walioelewa nusu, na waliopotea njia kabisa. Fungu la tatu ndilo kubwa. Wengi wameandika kwamba mizizi "hula" udongo. Andalio la somo linasema leo tuingie mada mpya. Nalikata mstari. Hatuingii mada mpya juu ya msingi huu.

Saa 2:00. Kipindi cha kwanza kinaanza kwa madaftari kufungwa. Ubaoni nimeandika maswali matatu: la jana, la wiki iliyopita, na la mwezi uliopita. Wana dakika tano, kila mtu na kalamu yake, hakuna alama. Wakimaliza, wanafungua madaftari na kujisahihisha wenyewe.

Kuna wanaonung'unika kwamba ni heri wangesoma tena maelezo. Nawaelewa, maana kusoma tena hukupa hisia kwamba unajua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine wakakirudia, wengine wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha wakawapita. Nimewasimulia wanafunzi wangu utafiti huo, kwa sababu kijana akijua kwa nini anasumbuliwa, husumbuka kwa moyo.

Saa 3:20. Sasa ndilo somo linalochukua nafasi ya lile nililolikata asubuhi. Nasimama, naonyesha mbegu kiganjani.

"Mbegu hii ikiota, baada ya miaka itakuwa gogo ambalo watu wanne hawalibebi. Uzito wote huo umetoka wapi?"

Mikono inaruka juu hapo hapo. Simwiti yeyote. Nahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alirekodi masomo mengi ya sayansi na kukuta kwamba kwa kawaida walimu husubiri sekunde moja tu au chini yake baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa wakinyamaza walianza kusema. Sijui mbinu nyingine ya kufundishia inayogharimu kidogo hivyo. Lakini ni ngumu, maana kimya darasani humtia mwalimu wasiwasi na mdomo hutaka kukijaza.

Kisha kila mmoja anaandika jibu lake kabla ya kusikia la mwenzake. Nampa kila jibu namba: 1 udongo, 2 maji, 3 hewa, 4 mwanga wa jua. Wanaonyesha vidole, mkono ukiwa umegusa kifua ili jirani asichungulie. Kwa kutupa macho mara moja naona darasa zima, si wale wachache wanaopenda kujibu. Kidole kimoja kimetawala. Wachache wana vinne. Wenye vitatu ni wa kuhesabu.

Sisemi nani kapata. Naandika ubaoni jaribio la mwanasayansi wa kale Jan Baptist van Helmont, lililochapishwa mwaka 1648: alipanda mche wa ratli 5 (ratli ni karibu nusu kilo) kwenye chungu chenye udongo mkavu wa ratli 200, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ukafika ratli 169. Udongo ulipungua takriban wakia 2, yaani hata robo ya ratli haikufika.

"Geuka kwa jirani yako. Litetee jibu lako au ulibadilishe, lakini toa sababu."

Hapo ndipo kelele ninayoipenda inapoanza. Napita katikati ya madawati nikisikiliza tu. Binti mmoja wa nyuma anamwambia mwenzake, "Kama mti ungekula udongo, chungu kingebaki kitupu." Namwomba aseme kwa darasa zima maneno yale yale. Kundi kubwa sasa linahamia kwenye maji, na nawaambia kwamba van Helmont naye alihitimisha hivyo. Kisha kijana wa mbele anapinga jibu la tatu: "Mwalimu, hewa haina uzito. Itajengaje gogo?"

Pingamizi hilo ni dhahabu. Tunachukua rula na kupima chumba: mita 8 kwa 6, kimo mita 3. Mita za ujazo 144. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2. Wanapiga hesabu wenyewe, na mtu anapaza sauti: "Kilo mia moja na sabini na kitu!" Wanatazama juu, wanatazamana.

Tunapiga kura tena, na vidole vitatu vimejaa. Sasa ndipo naeleza: kabonidayoksaidi ya hewani na maji ndivyo vinavyounganishwa kuwa sukari, jua likitoa nishati tu, na udongo ukichangia madini kidogo. Maelezo yangu yanachukua dakika sita. Ningeanza nayo, yangepita juu ya vichwa vyao.

Saa 5:40. Darasa kubwa, mada ya mzunguko wa damu. Kazi ya kundi isiyo na mgawanyo siipendi. Mmoja huandika, wengine hutazama dirishani. Kwa hiyo natumia mtindo aliouanzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas: kila mwanakundi anapewa kipande chake (moyo, au aina moja ya mishipa ya damu: ateri, vena, kapilari), anakisoma pamoja na wenye kipande kama chake kutoka makundi mengine, kisha anarudi kuwafundisha wenzake. Mwenye kapilari asipofundisha, kundi lake halina kapilari.

Saa 8:00. Kusahihisha. Siandiki alama kwenye kazi za leo. Mtafiti Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba maoni peke yake yaliwasaidia wanafunzi kufanya vizuri zaidi, lakini yakiambatana na alama, faida ile ilipotea. Jicho huishia kwenye namba. Nami maoni yangu nayaandika kama kazi ya kufanya: "Sentensi yako ya pili inapingana na ya tano. Unabakisha ipi, na kwa nini?" Kesho dakika kumi za kwanza ni za kujibu hayo. Maoni yasiyotengewa muda wa kujibiwa ni wino umepotea.

Saa 10:00. Naandika swali la kesho, na kila jibu lisilo sahihi nalitoa kwenye dhana ambazo nimezisikia darasani. Mmea hupumua lini? 1, mchana tu. 2, usiku tu. 3, wakati wote. 4, haupumui, hufanya usanisinuru (kujitengenezea chakula kwa mwanga) badala yake. Vidole viwili ndivyo ninavyovitarajia kwa wingi, kwa hiyo nimeshatenga robo saa ya mabishano.