Mafumbo ya Kambini Nyeri

Skauti wangu siwapi ramani iliyochorwa njia. Nawapa fumbo: shikeni mwelekeo wa nyuzi 60 kwenye dira, hesabuni hatua 200, tafuteni mawe matatu yaliyopangwa. Wakipotoka nyuzi 10 tu, kila mita 100 zinawatupa kando kama mita 17, na msituni hiyo ni mbali sana! Asubuhi, Mlima Kenya ukiwa wazi, wanaanza kwa kuutafuta kaskazini-mashariki na kuigeuza ramani ielekee vilivyo.

Alama ya njia ya skauti ninayoipenda kuliko zote iko kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki hapa Nyeri Januari 1941: duara lenye nukta katikati, yaani nimekwenda nyumbani. Kambi ijayo watoto ndio watakaotunga mafumbo, viongozi tuyafumbue.