Dizeli ya mafuta ya chipsi: bechi ya tano, safari hii sio sabuni

Bechi ya nne niliambulia sabuni. Ndoo nzima, uji wa kahawia hata kuumwaga shida. Kosa langu, mafuta yalikuwa na maji, na kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) nilikadiria kwa macho tu.

Safari hii nimetulia. Nimechukua lita 20 kwa kijana wa chipsi hapa Mbagala, nikachuja kwa kanga kuukuu, nikayapasha mpaka yakapita nyuzi 100 na kuacha kulialia, maana ule mlio ni maji yanatoka, ndo nikayaacha yapoe mpaka 55. Kupima asidi nimetumia manjano ya jikoni: mafuta mililita 1, spiriti ya isopropili mililita 10, manjano kidogo, halafu unadondoshea maji yenye kostiki gramu 1 kwa lita mpaka rangi igeuke nyekundu na ibaki hivyo. Yangu yaligeuka kwenye mililita 2.5. Mafuta mapya yanataka kostiki gramu 3.5 kwa lita, jumlisha hiyo 2.5 (kila mililita ni gramu moja zaidi) ni gramu 6, mara lita 20 ni gramu 120. Nikaiyeyusha kwenye methanoli (aina ya spiriti) lita 4, nikaichanganya na mafuta, uani kabisa, upepo mgongoni, ule mvuke ni sumu na unawaka vibaya mno.

Asubuhi gliserini, ule uto mzito unaojitenga na mafuta, imeketi chini, juu dizeli rangi ya chai ya rangi. Nikaiosha kwa maji mara tatu, nikaikausha.

Mashine ya kusaga ya shemeji tumeiwekea asilimia 20, iliyobaki dizeli ya sheli. Siku mbili poa, moshi unanukia chipsi, wateja wanacheka. Ya tatu injini ikaanza kukohoa. Filta imeziba! Biodizeli, yaani hii dizeli ya mafuta ya kula, inang'oa uchafu wa miaka yote kwenye tanki, ningebadilisha filta mapema tu.

Shemeji kauliza kwa hiyo hewa chafu imeisha? Wapi. Kaboni ya mafuta ya kula mmea uliivuta hewani juzijuzi tu, hapo sawa, ila methanoli nyingi inatengenezwa kwa gesi asilia, asilimia 80 ya tanki bado ni dizeli ileile, na mimi nimepashia kwa mkaa, hapo nacheka mwenyewe. Bechi ya sita natafuta namna ya kupashia kwa jua.

Gliserini ipo kwenye dumu nyuma ya nyumba, mama anauliza kama inafaa kuoshea masufuria, nimemwambia asiiguse kwanza, bado ina methanoli.