"Like" moja, maswali matatu

Wanafunzi wangu wa Kiingereza ni watu wazima wanaosoma jioni baada ya kazi. Msamiati hauwasumbui sana. Kinachowatoa jasho ni kuuliza, na hasa swali hili: "What is she like?"

Wengi hujibu, "She likes music." Sarufi haina kasoro, ila jibu ni la swali jingine. Basi huandika ubaoni maswali matatu, moja chini ya jingine:

"What does she like?"
"What does she look like?"
"What is she like?"

La kwanza linauliza anapenda nini. La pili linauliza anaonekanaje: mrefu, mwembamba, anavaa miwani. La tatu linataka kujua ni mtu wa namna gani: mpole, mkali, mcheshi. Katika la kwanza "like" ni kitenzi. Katika mawili yanayofuata ni ile ile "kama" ya tashibihi, na ndiyo sababu mimi hufundisha tashibihi na maswali kwa pamoja.

Chukua "She runs like the wind." Anakimbia kama upepo, hapo hakuna wa kubabaika. Sasa igeuze iwe swali. Kwa Kiswahili neno halihami. Sauti inapanda mwishoni au unatanguliza "je", basi. Kiingereza kinataka kitenzi kisaidizi kije mbele: "Does she run like the wind?" Iangalie ile s. Ilikuwa mkiani mwa "runs", sasa iko kwenye "does", na "run" imebaki bila kitu. Huwa nawaambia wachore mshale kufuata ilikohamia, maana jicho likishaiona ikihama, mdomo nao hufuata. Wakati uliopita ni hivyo hivyo: "did" ikishabeba wakati, "ran" inarudi kuwa "run". Penye "is" kazi ni nyepesi, unaitanguliza tu: "Is he as brave as a lion?"

Tashibihi za "as" mbili zina wema wake, kwa sababu sifa inayolinganishwa imekaa wazi katikati. Hata "as cool as a cucumber", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno unabaki na tango baridi, inakupa pa kuanzia: "cool", yaani mtu aliyetulia hata mambo yakichacha. Anayejua kwamba mjanja wa hadithi zetu ni sungura hatashangaa sana akikuta Waingereza wamempa mbweha kazi hiyo.

Ugumu uko kwenye "like", maana sifa yenyewe haitajwi. "He eats like a horse." Kwa pupa? Kwa kelele? Polepole? Hapo sipendi mtu akimbilie kamusi. Namtaka aulize kwanza, kwa Kiingereza: "How does a horse eat?" Wenzake wanabishana, na katika kubishana huko wanatunga maswali mengine kadhaa bila kulazimishwa, mpaka mmoja aseme "A lot!" Ndiyo maana yenyewe: anakula sana.

Kisha nauliza, "Who eats like a horse?" Darasa linatafuta "does" halilioni, na s iko pale pale kwenye "eats". "Who" imekaa mahali pa mtendaji, kwa hiyo hakuna kilichohitaji kuhama.