Kinundu kwenye kidole
Tangu nipandikizwe figo natumia dawa za kushusha kinga. Mwaka jana nilijikwaruza kidole nikisafisha tangi la samaki. Wiki kadhaa baadaye kikatokea kinundu chekundu, wala hakiumi sana, kisha vingine vikapanda mkononi kama shanga kwenye uzi. Antibiotiki nilizopewa mwanzo hazikusaidia kitu. Daktari wa ngozi ndiye aliyeuliza, “Unafuga samaki?” Wenzangu wenye kinga dhaifu, jamani, mwambieni daktari kila mlichoshika! Akakata kipande kidogo cha kinundu, akaagiza maabara waoteshe bakteria aliyemo kwenye nyuzi joto 30 hivi, maana bakteria huyu wa kwenye maji ya samaki, Mycobacterium marinum, ni ndugu wa yule wa kifua kikuu, ila hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Nimemeza dawa miezi mingi. Vinundu vimenywea, makovu yamebaki.